Chokaa Jikoni

Wahubiri wengine watawaletea kondoo. Mimi nawaletea jiko. Kaeni vizuri, mfano mtamu kama huu hampati kila Jumapili!

Kulikuwa na kijana mmoja aliyempenda binti mpaka chakula hakipiti. Binti akamwambia, "Mama yangu kakohoa moshi wa kuni maisha yake yote. Mimi kwenye jiko la moshi siolewi. Shangazi atakuja kukagua."

Kijana akaenda mkutanoni kijijini, akasikia wataalamu wa hali ya hewa wakisema: tuondoe kaboni. Akakumbuka jiko lake lilivyo jeusi. "Kumbe ni masizi tu!" Hakusubiri maelezo. Akasugua masufuria kwa majivu mpaka yakang'aa, akakwangua kuta, akapaka chokaa. Mnawajua watu wa namna hiyo? Mimi nawaona hapo nyuma, tena wamefunga tai.

Shangazi akafika. Kijana, kifua mbele: "Karibu, shangazi! Hapa kaboni imeondolewa!"

"Hongera, mwanangu. Haya, nichemshie chai."

Akawasha kuni zilezile, tena mbichi. Moshi ukatanda, ukuta mweupe ukaanza kuwa mweusi mbele ya macho yao. Kijana akadaka brashi: huku anapuliza moto, huku anapaka chokaa! Shangazi machozi yakamtoka, ya moshi na ya kicheko.

"Baba wee, utapaka mpaka lini? Kaboni huanzia motoni, si ukutani. Ng'ombe unao, samadi imejaa zizini. Chimba shimo, jenga mtambo wa gesi ya samadi, uachane na kuni."

"Na binti, shangazi?"

"Siku nitakayokunywa chai hapa bila kulia, ndiyo siku yake."

Alichimba shimo huyo, we! Jasho mpaka kwenye visigino. Na wali wa harusi uliivia kwenye gesi ya samadi, shangazi akiongoza vigelegele, macho makavu.

Sasa, ndugu zangu, na sisi je? Jumapili tunaungama majungu, Jumatatu tumeketi na mwenzetu yuleyule, kwenye benchi lilelile, tunayachochea. Tutamwomba Mungu atusafishe mpaka lini, na kiberiti tumekishika mkononi? Toba si kufuta masizi. Toba ni kubadili moto!

Semeni amina. Halafu mwenye ng'ombe asijifiche kwenye wimbo wa mwisho: aende nyumbani akachimbe.