Herufi Mbili kwenye Karatasi ya Kiwanja

Wapendwa, kaeni vizuri. Akina mama wa nyuma pale sogeeni mbele, nafasi ipo. Leo naanza na mwanamke mmoja fundi cherehani, na jina lake siwatajii, maana nawajua, mtatoka hapa mkaanze kumtafuta.

Mwanamke huyu alikaa na bwana mmoja fundi umeme miaka kumi na moja. Ndoa hawakufunga. Kila mwaka walisema mwaka huu tukivuna, mwaka huu tukimaliza kupaua, na mwaka ukapita. Naona wengine mmeinamisha vichwa. Inueni tu, hilo la ndoa lina siku yake, leo nina jambo lingine.

Mwaka ule wa kwanza walinunua kiwanja pamoja, kule kwenye baridi ambako watu wanajengea tofali za kuchoma. Kilichotoka kwenye cherehani na kilichotoka kwenye nyaya kilichanganywa, na hakuna aliyeuliza hiki cha nani. Udongo waliukanyaga wote wawili, bwana akifyatua tofali, mama akipanda na ndoo ya maji kutoka mtoni. Nyumba ikasimama, ikapauliwa. Mama akaweka cherehani yake barazani, na watu wa mtaa wakielekezana njia wakawa wanasema, "Pale kwa mafundi."

Halafu mapenzi yakapoa. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyefumaniwa. Walianza kula kimya, kisha wakawa wanakula kwa zamu, na asubuhi moja bwana akaweka kikombe mezani akasema, "Mimi naona kila mtu ashike njia yake. Wewe tafuta pa kwenda."

"Niende wapi?" mama akauliza. "Mimi kwangu ni hapa."

"Hapa ni kwangu. Karatasi ya kiwanja ina jina la nani?"

Mama alijua ina jina la nani. Siku ile ya kununua, muuzaji alipima kiwanja kwa kamba. Wakamwambia huyu mama ateremke mpaka kona ya chini, ashike ncha ya kamba, na asiiachie. Akashika. Wanaume wakakusanyika kule juu barabarani, wakaandikishana kwenye karatasi ya daftari, mashahidi wakasaini, mhuri wa mtaa ukagongwa, wakapeana mikono. Yeye bado kashika kamba. Alipoitwa, aliitwa akale. Na alikwenda anacheka njia nzima, kwa sababu wamepata kiwanja. Niambieni, nani kati yetu siku ya furaha kama ile anasimama kuuliza jina langu mmeliandika wapi?

Basi akamweleza dada yake. Dada akamwambia, "Cheti huna, mtoto hukujaliwa, jina halimo. Utadai kwa lipi, mdogo wangu? Funga cherehani yako uje ukae kwangu." Alisema kwa huruma, lakini maneno yale yalimkata maini. Wiki mbili mama wa watu akawa anashona sare za shule na kukosea, mkono wa kulia anaushona kushoto, anafumua, anarudia. Pa kulala angepata kwa dada. Alichokiogopa ni kusikia mbele za watu kwamba miaka kumi na moja alikuwa mgeni kwenye nyumba aliyoibebea maji.

Jirani mmoja akamshauri aende baraza la kata, wao wanasuluhisha. Akaenda kwa kujikokota, akiwa ameshakata tamaa.

Mwenyekiti wa baraza lile alikuwa mama mtu mzima, mwalimu mstaafu. Alikuwa amefundisha Kiswahili miaka thelathini, na hata kustaafu hakukumsaidia. Ukikosea kusema mbele yake anakusahihisha, hata kama mko msibani. Mji mzima walimwita Mwalimu, na mji mzima walimwogopa kidogo.

Siku ya shauri bwana alikuja amenyoosha shati, ana bahasha kwapani. Akatoa karatasi akaiweka mezani. "Mwalimu, mimi sina maneno mengi. Soma mwenyewe. Jina ni moja, na saini ya mnunuzi ni moja."

Mwalimu akavaa miwani, akasoma. Akarudia kusoma. Yule mama alikuwa anaangalia sakafu, mikono ameibana katikati ya magoti, anangoja kuambiwa abebe vitu vyake.

"Mwandiko huu ni wa nani?" Mwalimu akauliza.

"Wangu, Mwalimu. Muuzaji kuandika kulikuwa kunampa shida, wakasema niandike mimi."

"Ni mwandiko mzuri. Hebu nisomee mstari wa tatu, kwa sauti."

Bwana akasoma haraka haraka. "Leo tumenunua kiwanja hiki ili tujenge nyumba yetu."

"Rudia neno la pili."

"Tumenunua."

"Mtu akinunua peke yake anasemaje?"

Bwana akakohoa. Watu wazima wote mle ndani walikaa wima, utadhani wako darasa la tatu. "Anasema nimenunua."

"Na nyumba ikiwa ya kwake peke yake?"

"Nyumba yangu."

"Wewe hukuandika hivyo," Mwalimu akasema. "Umeandika 'tu', tena mara mbili, halafu ukamalizia na 'yetu'. Jina ni moja, nimeliona. Ila nataka kujua jambo. Siku ile, kalamu iko mkononi, ulipoandika 'tu', ulikuwa wewe na nani?"

Wapendwa, angeweza kudanganya. Angeweza kusema ni makosa ya kuandika, nani angembishia? Akafungua mdomo, kisha akaiangalia ile karatasi. Ilikuwa na alama ya kidole chake chenye udongo pale pembeni. Akainua macho, na macho yake yakaenda mbali, kama mtu aliyesimama barabarani anaangalia kona ya chini ya kiwanja.

"Nilikuwa na huyu," akasema. "Alikuwa ameshika kamba."

Yule mama alishusha pumzi, na nadhani pumzi ile alikuwa ameibana tangu siku ya kikombe mezani. Akalia, kisha katikati ya kulia akajikuta anacheka, na hakuona haya hata kidogo. Alikuwa hajaleta shahidi wala karatasi. Aliyemtetea ni yule bwana wa miaka kumi na moja iliyopita, aliyekuwa hajajifunza kusema 'yangu'.

Na bwana naye, niwaambieni ukweli, mabega yalishuka. Kuusimamisha uongo ni kazi, hata kwa fundi. Akavuta kiti akakaa, akajifuta uso.

"Basi, Mwalimu," akasema, "tugawane."

Mwalimu akamtazama juu ya miwani. "Hapo sasa umesema Kiswahili."

Wakagawana, na hawakugombana. Mama akachukua nyumba na baraza yake ya cherehani. Bwana akachukua upande wa juu, mkubwa kuliko ule mwingine, ambao walikuwa wameshauwekea msingi wa vyumba vya kupangisha, pamoja na tofali zote zilizobaki. Siku ya kupima, kamba ilifungwa kwenye vigingi, isishikwe na mtu. Mama akaitwa kule juu barabarani kabla ya wote, akapewa kalamu, akaandika jina lake lote, la kwake, la baba yake na la babu yake. Jina likasomeka. Jioni akarudi kwake, akabandika chai, akakaa barazani akainywa yote ikiwa moto. Kwa wiki zote zile alikuwa hajamaliza hata kikombe kimoja.

Sasa nageuka kwetu.

Akina baba, mkifika nyumbani leo toeni zile karatasi mzisome. Akina mama, acheni kusimama kona ya chini mkishika kamba na kungoja mtaitwa. Kama jina halimo, liandikwe sasa, wakati bado mnapakuliana chakula, wakati bado linaandikwa mkiwa mnacheka. Msingoje mpaka mumhitaji Mwalimu. Huyu dada yetu alinusurika kwa herufi mbili. Wangapi wamefukuzwa kwa sababu karatasi zao hazikuwa na hata hizo mbili?

Lakini naona wengine mnatabasamu. Mnasema mchungaji leo amewashika wanaokaa bila ndoa, mimi nina cheti changu, limenipita. Halijakupita. Ngoja.

Hapa ndani tunaombaje? Utusaidie. Utubariki. Utuponye. Miaka yote niliyosimama hapa sijamsikia mtu anayeomba kwa sauti aseme nisaidie mimi, hawa wengine watajijua. Wote tunasema 'tu', tena kwa machozi. Tukishavuka ule mlango, shamba likikubali, tunasemaje? Nimevuna. Kisima kikichimbwa, kisima changu. Mtoto akifaulu, mwanangu. Ile 'tu' tumeiacha wapi? Tumeiacha kwenye benchi. Na yule mjane wa benchi la pili, ambaye dakika tano zilizopita alikuwa ndani ya 'tu' yako, anapita mbele ya kisima chako na ndoo tupu, anateremka mtoni.

Yeye bado kashika kamba, wapendwa. Anadhani kiwanja ni chetu.

Na Mungu anazo karatasi zetu zote. Hatahitaji kuita shahidi, kwa sababu mwandiko ni wetu wenyewe, kila Jumapili tunaandika. Atakusomesha mstari mmoja tu kwa sauti, kisha akuulize: uliposema 'utubariki', ulikuwa wewe na nani? Utamtaja nani? Utakohoa?

Mimi nikimfikiria yule fundi umeme simlaani. Aliulizwa, na akajibu kweli, akaenda zake amepungukiwa nyumba na kipande cha kiwanja, lakini kifua ni chepesi. Namshukuru Mungu kwamba na sisi bado tunaulizwa, na kalamu bado iko mkononi.

Haya. Naomba tusimame, tuombe. Lakini kabla hujafumba macho, mwangalie aliye kulia kwako na aliye kushoto kwako, umjue kwa jina. Ndio hao utakaowataja ukisema 'tu'.