Karani Mwenye Uzoefu wa Miaka Kumi

Palikuwa na tajiri mmoja huko kwetu kwenye alizeti, Alhaji Mselem, mwenye kiwanda cha kukamua mafuta. Siku moja akabandika tangazo kwenye lango la chuo kikuu: anatakiwa karani wa ghala, awe mwaka wa mwisho, umri usizidi miaka ishirini na tatu, uzoefu miaka kumi. Piga hesabu mwenyewe. Mtoto alitakiwa aanze kupokea magunia akiwa darasa la sita.

Wanafunzi arobaini wakaenda. Wasomi wetu hao, miaka mitatu wamekariri maana ya kazi kwa mujibu wa wataalamu saba, gunia hawajaligusa. Wasifu wao wote ulichapwa steshenari moja nje ya lango, kwa hiyo wote arobaini walipenda kusoma vitabu na kubadilishana mawazo. Mmoja alisahau hata kufuta jina la mwenzake. Alhaji akawatimua mmoja mmoja, mkewe, Bi Siwema, akiwakata majina kwenye daftari.

Akabaki Mwasiti Ntandu. Huyu hakuja kubahatisha. Mjomba aliyemsomesha alishasema: mwezi ukiisha bila kazi, anaozwa. Zilibaki siku mbili, na bwana aliyechaguliwa kumwoa, Mwasiti hataki hata kumwona.

"Shikamoo, Alhaji."

"Marahaba. Uzoefu wako miaka mingapi?"

"Sina hata mmoja."

"Angalau wewe hukunidanganya. Nenda kautafute, kisha urudi."

"Nikautafute wapi?"

"Kazini."

"Kazi yenyewe ndiyo hii naiomba."

"Hilo halinihusu. Vijana wa siku hizi hamjakomaa. Mnataka mje mjifunzie kwangu?"

"Nisipoipata, keshokutwa naozwa. Na huko hakuna aliyeniuliza uzoefu."

"Ndoa ni kitu kingine, binti."

"Samahani, Alhaji. Wewe ulipooa, ulikuwa na uzoefu wa miaka mingapi?"

Alhaji akakohoa. Akaweka kalamu sawa, ingawa ilikuwa sawa.

"Swali gani hilo? Sikuwa nao. Ndoa mtu hujifunzia humo humo."

"Na ulijifunza kwa muda gani mpaka ukaiweza?"

Alhaji akafungua mdomo, lakini Bi Siwema akamwahi, macho yake yakiwa bado kwenye daftari.

"Mwaka wa thelathini na mbili huu. Bado namwelekeza."

"Basi mimi, Alhaji," akasema Mwasiti, "naomba miezi mitatu tu."