Nakala ya Bingwa

Hakuwa na shahada ya chuo kikuu, hakuwa na gari, hakuwa na nyumba; alilala chumba cha uani kwa kaka yake. Hakuwa na mke wala haraka ya kumtafuta. Zaidi ya yote, hakuwa na desturi ya kujishuku. Kitu kikiharibika, macho yake yaliwakimbilia wengine kama nzi wanavyokimbilia kidonda. Hata hivyo alijua kuandika programu za kompyuta, na ofisini walimwita Bingwa.

Ofisi hiyo ilituma magari ya wagonjwa. Zahanati ilipohitaji gari, ombi lilipita kwenye mtandao hadi katika programu ya Bingwa, nayo ikamwita dereva. Jumatatu asubuhi Bingwa aliiweka programu kwenye toleo jipya la lugha ya kompyuta iliyoandikiwa. Kabla chai haijapoa, skrini zote zilijaa maandishi mekundu: muunganisho umeshindikana. Wahudumu wakarudi kwenye simu na karatasi, jasho likiwatiririka.

"Ni nyaya," Bingwa alimwambia meneja bila kupepesa jicho. "Fundi wa mtandao amelala kazini."

Fundi huyo alikuwa mke wa kaka yake, mwanamke aliyempikia kila siku na ndiye aliyemwombea kazi hapo. Meneja hakuuliza la pili. Alipeleka jina la fundi makao makuu, aachishwe kazi ifikapo Ijumaa.

"Shemeji," alisema yule mama, "nyaya zangu nimezipima moja moja. Ni nzima."

"Kazini hakuna shemeji. Kuna kazi."

"Basi jioni sahani yako nimpelekee huyo kazi?"

Wahudumu wakacheka chini chini. Bingwa akageukia skrini yake.

Jumatano fundi alikuja na kompyuta tupu. Akaweka lugha mpya na maktaba mpya ya mtandao, yaani mkusanyo wa maagizo yaliyoandikwa na wengine, ambao programu huutumia kuzungumza na kompyuta za mbali. Akachomeka waya uleule. Ikaunganika mara moja.

"Mtandao ndio huo," alisema. "Sasa iulize programu yako maktaba inaichukua wapi."

Bingwa aliandika mstari mmoja kwa kujiamini. Jibu likatokea. Programu haikuigusa maktaba mpya iliyokuja na toleo jipya. Iliichukua ya zamani, iliyokaa ndani ya folda yake mwenyewe, kwa kuwa hutafuta karibu kabla ya mbali. Akaifungua. Juu kabisa palikuwa na maneno yake ya miaka minne iliyopita: Nimenakili na kurekebisha kwa mkono wangu. Asiguse mtu. Alifanya hivyo ili asimwombe mtu ruhusa, kisha akasahau. Lugha mpya na marekebisho yale havikupatana hata kidogo.

Alisoma mara tatu.

"Umemwona nani humo?" aliuliza fundi.

"Nimejiona mimi."

Akaifuta nakala ile, na maombi yakaanza kumiminika. Lakini Ijumaa ilikuwa keshokutwa, na meneja alisema makao makuu hawapokei neno la mdomo.

Bingwa akachukua karatasi. "Kosa ni langu," aliandika. "Nyaya zilikuwa nzima. Nilimsingizia mke wa kaka yangu kabla ya kujichunguza. Anayestahili adhabu ni mimi."

"Weka na tarehe, shemeji," alisema fundi akisoma begani kwake. "Huko wanapenda tarehe."

Akaweka. Akaikunja barua, akaitia katika bahasha na kuibandika kwa gundi.

"Unamshtaki nani tena?" aliuliza tarishi mzee, akiipokea.

"Aliyetutesa tangu Jumatatu. Wahi nayo, baba."

Tarishi akaondoka. Bingwa akabaki amesimama mlangoni, bado haamini, huku akiwa ameuthibitisha kwa aibu yake mwenyewe usemi wa wahenga kwamba kikulacho ki nguoni mwako.