Kisanduku chenye Matundu Manne

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, zamani si lazima iwe na sungura na fisi. Zamani nyingine ni ya juzi tu, ina umeme wa kukatikakatika na simu za vioo, lakini ukiigusa inauma vilevile. Basi hapo zamani ya juzi, huku kwetu milimani Lushoto, palikuwa na mwalimu wa kwaya aliyeitwa Naftali Shemhina.

Mwalimu Naftali na sauti nne walikuwa chanda na pete. Kwake hata sala ya jioni iliimbwa kwa sauti nne. Mkewe Miriamu aliimba ya kwanza. Binti yao Damari aliimba ya pili. Mwana wao Elieza aliimba ya tatu. Mwenyewe alikaa chini kabisa na ya nne, ile ya kunguruma. Na sheria ya nyumba ilikuwa moja: kila mtu na sauti yake, ya mwenzako usiiguse. Damari akijisahau akafuata ya mama yake, anagongwa kichwani kwa penseli. "Rudi kwako!" Elieza akipanda, penseli. "Rudi kwako!"

Nyimbo zake zote Mwalimu aliziandika kwa do-re-mi katika daftari moja la jalada gumu, mistari minne kwa kila wimbo. Isipokuwa ule wa nyumbani, alioutunga mwaka aliomuoa Miriamu. Ule aliuandika mistari mitatu, wa juu akauacha wazi, kwa sababu sauti ya kwanza Miriamu aliitunga mwenyewe, akipepeta mchele, na hakuhitaji kuandikiwa kitu kilichotoka kwake.

Nawaambia kweli, nazikumbuka jioni zile mpaka najionea huruma. Nilikuwa nikipita na ndoo ya maji, nasimama pale kwenye kona mpaka mkono unakufa ganzi. Msiniulize wimbo ulikwendaje. Kichwa changu hakishiki nyimbo, kinashika maneno ya watu.

Kisha Miriamu akafariki. Elieza akahamia Tanga kupiga kinanda kwenye harusi. Damari akaenda Korogwe, akawa muuguzi. Mwalimu akabaki na saa ya ukutani.

Miaka saba ikapita, masikio ya Mwalimu yakaanza kufunga. Daktari akasema kabla ya mwaka kwisha hatasikia hata radi. Mzee akawaita watoto wake, akaweka daftari mezani.

"Kabla hayajafunga," akasema, "nataka kuusikia wimbo wa mama yenu. Mzima. Atakayenirudishia wimbo huo, daftari hili ni lake."

Nanyi msiniambie lingetolewa fotokopi. Fotokopi haina duara la kikombe cha chai cha Miriamu, wala harufu ya sanduku alimolifungia. Daftari lilikuwa moja, na kila mmoja wa wale watoto alilitamani tangu hajui kufunga vifungo vya shati.

Basi Damari na Elieza wakasimama, wakaimba. Kumbe! Ya pili ilikuwepo, ya tatu ilikuwepo, wimbo haukuwepo. Sauti ya tatu peke yake, kama hamjawahi kuisikia, ni mtu anayetafuta funguo mfukoni. Na ya pili inamsaidia kutafuta.

"Baba," Damari akamsogelea sikioni, "ya mama ilikwendaje?"

Mzee akafunua daftari, akaugusa mstari ulioachwa wazi. "Mimi nilikuwa nikimtazama," akasema. "Sauti niliyoisikiliza ilikuwa yangu."

Wakajaribu tena, wakakosea tena. Mara mlango wa uani ukasukumwa, akaingia Bi Zaina, jirani ambaye jiko lake na jiko la Miriamu yaligawana ua mmoja wa michongoma. Ungo wa maharage mkononi, uso umekunjamana.

"Ninyi watoto, mnaimba nini?"

"Shikamoo, Bi Zaina. Tunauimba ule wimbo wa mama."

"Marahaba. Ule? Huo mnauchinja." Akaweka ungo chini, akafunga kanga yake vizuri, akaimba. Maneno mengi hakuyajua, aliyapitia kwa na-na-na. Lakini ilikuwa sauti ya kwanza, yenyewe, na pale Miriamu alipozoea kuvuta pumzi, Bi Zaina naye alivuta. Damari akaketi sakafuni akalia.

"Wewe ni wa msikitini," Elieza akasema. "Umeujulia wapi?"

"Mwanangu, aliye ndani husikia sauti yake, aliye nje ya ua husikia wimbo. Miaka ishirini na mitatu nimechambua maharage nikimsikiliza shoga yangu. Alipokwenda nikawa nauimba mwenyewe, nisije nikamsahau."

Wakaimba watatu, mbele ya mzee. Mzee akawatazama midomo. Wakapaza. Akatikisa kichwa. "Naona mnafungua na kufunga," akasema. "Asanteni."

Hapo Elieza akasema, "Tukirekodi, tutamvalisha hedfoni, wimbo umwingie moja kwa moja." Akashuka Tanga kutafuta kisanduku cha kurekodia, kile kinachopokea maikrofoni na kupeleka sauti kwenye kompyuta. Kompyuta na maikrofoni alikuwa nazo, mfuko wake ulikuwa mwepesi, na alijua anachotaka.

Duka la kwanza wakamwekea kisanduku chekundu cha matundu mawili. "Hiki ndicho wanachonunua wote, kaka. Bei ya kutupa."

Elieza akauliza, "Watu wanne wakiimba kwa pamoja, baadaye nitampata kila mmoja peke yake?"

"Waimbe wawili, halafu wawili."

"Kwetu hatuimbi kwa zamu," akasema, akatoka.

Duka la pili wakamwekea miksa, mashine ya kuchanganyia sauti, vifungo tele, taa tele, na bei nayo ya kutamanisha. Elieza akauliza, "Watu wanne wakiimba kwa pamoja, baadaye nitampata kila mmoja peke yake?"

Muuzaji alikuwa mkweli, akajikuna kisogo. "Wataingia wote. Ila kwenye kompyuta watafika wameshachanganyika."

"Hayo makande," Elieza akasema. "Yakishaiva, mahindi hayarudi kwenye gunzi." Akatoka.

Duka la tatu wakamwekea sanduku linalong'aa, limeandikwa nane. Elieza akauliza, "Watu wanne wakiimba kwa pamoja..."

"Wanane!" muuzaji akamkatiza. "Lete na majirani!"

Elieza akaligeuza huku na huku, akahesabu kwa kidole. Matundu ya maikrofoni yalikuwa mawili. Sita yaliyobaki yalikuwa ya vinanda na magitaa. "Kwetu hakuna mwenye waya tumboni," akasema, akatoka.

Siku ya nne akakipata, kwa fundi mmoja aliyekuwa anauza vyombo vyake. Kimechubuka, kitufe kimoja kimeng'oka, unazungusha kishina chake kwa koleo. Lakini matundu manne, yote ya maikrofoni, na kila sauti inapita njia yake mpaka kwenye kompyuta bila kugusana na nyingine. Ili akilipie, Elieza aliuza kinanda chake cha harusi. Ndiyo, kile kile kilichomlisha. Nilipoambiwa nilimwita mjinga, na sijalifuta neno.

"Mbona manne?" Damari akamuuliza aliporudi. "Tunaoimba ni watatu."

"La nne la Baba."

"Baba hasikii, ataimbaje?"

"Basi litakaa wazi. Lakini litakuwepo."

Walining'iniza mablanketi ukutani. Maikrofoni wakazifunga kwenye mipini ya majembe kwa mpira wa baiskeli. Ya nne wakaiweka mbele ya kiti cha mzee, ikamkodolea macho bure. Wakasubiri mvua iache kupiga mabati, wakasubiri jogoo wa Bi Zaina amalize yake, kisha wakaimba wote kwa pamoja, wakitazamana, kama zamani.

Elieza akamvalisha mzee hedfoni, zile kubwa za kufunika sikio zima, akafungulia. Mzee akakunja uso. Elieza akaongeza. Mzee akazivua.

"Mnanimwagia kokoto," akasema. Akageukia dirishani.

Sikilizeni sasa, hapa ndipo pagumu. Elieza alianza kuchomoa maikrofoni zake, amevunjika moyo. Bi Zaina alichukua ungo wake. Damari peke yake alikaa akimtazama baba yake. Kwa miezi kadhaa alikuwa akipanda kutoka Korogwe kila mapumziko kumhudumia, na jambo moja alikuwa ameliona: mezani, wakizungumza watu watatu, mzee haambulii neno. Akibaki na mtu mmoja, anajibu.

"Kaka, usiichomoe ya nne," akasema. "Unaweza kuwanyamazisha wengine?"

"Naweza. Kila mmoja yuko peke yake."

Damari akazima ya pili. Akazima ya tatu. Akaibakiza ya kwanza tupu, akamvalisha mzee hedfoni kwa upole.

Mzee akatulia. Kidole chake kikaanza kugonga paja. "Huyo anavuta pumzi pale pale," akanong'ona.

Damari hakuongeza kitu mpaka wimbo ukaisha. Akaurudia, safari hii akapandisha ya pili, kidogo kidogo, kama unavyomwonjesha mgonjwa uji. Mzee akaitikia kwa kichwa. Akaurudia, akaingiza ya tatu. Na hapo, bila kuambiwa, bila kufungua macho, Mwalimu Naftali akaingia na ya nne. Ilikuwa imekwaruza, imezeeka, lakini ilikuwa mahali pake. Nilikuwa njiani siku hiyo, sina hata ndoo, na nilisimama. Wimbo ulikuwa mzima. Nilifurahi nikalia, sioni haya kusema.

Wiki tatu baadaye masikio yakafunga kabisa.

Mzee akawaita wote watatu sebuleni. Akasimama, akalishika daftari kwa mikono miwili, akalinyoosha mbele. "Nimeusikia," akasema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. "Mzima. Aliyenirudishia asogee alipokee. Msinieleze mimi, sisikii. Elewaneni wenyewe."

Elieza akasema, "Ni langu. Nilikataa cha mawili, nikakataa miksa, nikakataa kile cha uongo cha matundu manane. Ningechukua cha rahisi, Damari, ungemtenganisha nani na nani? Sina kinanda leo. Nyimbo za Baba ndizo zilizonibakia za kupiga."

Bi Zaina akasema, "Na kisanduku chako kingerekodi nini, kikohozi? Ninyi wa damu mlimzika mama yenu na wimbo wake mkaondoka. Mimi niliuweka. Do-re-mi siijui, lakini kwenye pembe za kurasa zile kuna mwandiko wa Miriamu, na mimi sina hata picha yake."

Damari akasema, "Bi Zaina, ulimwimbia, hakusikia. Kaka, ulimrekodia, akazivua. Wimbo mlikuwa nao, kisanduku mlikuwa nacho, na Baba alikuwa ametazama dirishani. Mlikuwa mnaondoka! Mimi ndiye niliyeyajua masikio yake. Mama aliniachia nimtunze, nikamtunza."

Elieza akamjibu. Bi Zaina akamjibu Elieza. Damari akawajibu wote wawili. Walipoanza walikuwa wanasemezana, baada ya muda walikuwa wakipigiana kelele, watu watatu waliokwisha kuimba pamoja. Na mzee alisimama katikati yao akiwatazama midomo, anatabasamu. Alidhani wanaimba.

Daftari bado liko mikononi mwake, na mikono imeanza kuchoka. Haya, ninyi mliosikiliza mpaka hapa, semeni upesi: nani asogee?