Kisima cha Mwisho cha Mzee Ntandu

Sogeeni. Asiyependa kuumiza kichwa abaki alipo, maana hadithi hii imenishinda hata mimi ninayeisimulia.

Palikuwa na majirani watatu. Mughwai alikuwa na miguu yenye nguvu kuliko vijana wote wa pale. Damari, mshonaji, alikuwa na mkono mwepesi usiojua woga. Naftali alikuwa mzee aliyesomea mitambo. Mwili ulishachoka, kichwa bado. Wote watatu walifuata maji mbali, na wote walimtazamia Mzee Ntandu, mchimba visima.

Siku ya mnada, kijiji kizima kikiwa huko, Ntandu alikuwa shimoni. Mughwai alikuwa anampandisha kwa winchi ya kukanyaga: pedali kama ya cherehani inazungusha gurudumu, na gurudumu linavuta kamba. Mzee alipofika katikati, Naftali akapita na kusalimu. Kwao mtu haitikii salamu ya mkubwa huku anafanya kazi. Mughwai akasimamisha mguu. "Shikamoo, babu." Wakajuliana hali, nyumbani mpaka zizini. Alipokanyaga tena, gurudumu likagoma.

Ntandu akaning'inia. Kizuizi cha meno kilishika gurudumu lisirudi nyuma, basi hakushuka wala hakupanda. Kuta zikaanza kumomonyoka, mchanga ukammwagikia mabegani. Alichimba visima maisha yake yote, na sasa hakuwa na la kufanya. Aliogopa mno.

"Jamani! Atakayenitoa humu, kisima changu cha mwisho nitakichimba uani kwake!"

Ni cha mwisho kweli. Magoti yake yalibakiza kimoja tu.

Mughwai akakanyaga mpaka chuma kikalia.

"Acha, utavunja!" Naftali akamkemea. "Imesimama kwenye nukta mfu. Fimbo ya pedali na mkono wa gurudumu vimenyooka mstari mmoja. Hapo nguvu zako zote zinakandamiza ekseli, hazizungushi kitu. Gurudumu lisukumwe kidogo tu, lipite hapo."

Huko chini Ntandu alilisikia neno hilo, na hakulipenda hata kidogo.

Sasa, gurudumu lenyewe lilikaa juu ya mdomo wa shimo, na mbao zake zilikuwa zinacheza. Damari, aliyekuja mbio kwa kelele zile, akalala kifudifudi juu ya mbao na kunyoosha mkono. "Babu Ntandu, shika kamba!" Akasukuma. Gurudumu likasogea kidogo, akalishikilia.

"Sasa!" Damari akapaza sauti.

Mughwai akakanyaga kwa uzito wake wote, na hakupumzika mpaka Ntandu alipolala juu ya nyasi. Nyuma yake shimo likaporomoka.

Watu waliporudi kutoka mnadani wakabishana. Bila Naftali, wangekanyaga mpaka winchi ivunjike. Lakini salamu yake ndiyo iliyosimamisha mguu. Bila Damari, maneno ya Naftali yangebaki maneno. Lakini mkono wake peke yake usingempandisha mtu. Mughwai ndiye aliyemtoa, na ndiye aliyelisimamisha gurudumu pabaya.

Wao wenyewe hawadai. Kila asubuhi wanapita kwa Ntandu, wanamuuliza hali ya magoti, kisha wanaendelea na ndoo zao tupu. Yeye amekaa na sururu mapajani, anatazama ua huu, ule na ule, na anaona aibu hata kuwaitikia. Amekwama tena.

Haya, wewe uliyekaa kimya hapo: ungekuwa Ntandu, sururu ungeipiga uani kwa nani?