Kaa na Mgongo wa Chupa

Hapo zamani za kale, wanyama wa bara walipokuwa wakishuka pwani kuoga bahari na kurudi wakijisifu, palikuwa na Kaa. Mdogo! Angeenea kwenye kiganja cha huyu hapa anayepiga miayo. Funga mdomo wewe, nzi ataingia.

Kaa alikuwa mjane mwenye watoto, na nyumba yao ilikuwa ndani ya tumbawe. Nyumba nzuri, rangi ya waridi, ina vyumba na vijumba. Na tumbawe, wanangu, msidhani ni jiwe. Ni kitu hai. Linakula, linakua, na likitendwa vibaya linaumwa.

Sasa pale juu ufukweni walikuwa wamejenga vibanda vyao majirani wawili, Bi Kiboko aliyetoka mtoni, na Bi Kifaru aliyetoka nyikani. Wakubwa, wenye nguvu, lakini wivu wao, lo! Ulikuwa mnene kuliko wao. Bi Kiboko akinunua mkeka mpya, Bi Kifaru hapati usingizi. Bi Kifaru akivaa hereni, Bi Kiboko tonge halishuki.

Siku moja Bi Kiboko akaja na chupa ya mafuta ya jua. Akajipaka, pwata, pwata, pwata! Ngozi ikang'aa. Bi Kifaru akachungulia kwenye ua wa makuti.

"Shoga, mbona unameremeta hivyo?"

"Mafuta ya jua haya. Jua haliniunguzi tena. Ila si ya kila mtu, shoga yangu. Yanataka ngozi laini."

Ngozi laini! Neno hilo likamchoma Bi Kifaru. Siku ileile akanunua chupa kubwa zaidi. Bi Kiboko kuona, akaongeza. Bi Kifaru akazidisha. Wakawa wanajipaka mpaka wanachuruzika, kisha chubwi! Chubwi! Baharini. Mafuta yakaelea, na ile dawa iliyomo ndani yake ikashuka mpaka mwambani.

Asubuhi moja Kaa akaamka, akakuta ukuta wa chumba cha watoto ni mweupe pee. Akaugusa. Ukamegeka.

"Mama, nyumba inaumwa?" akauliza kifunga mimba wake.

"Inaumwa, mwanangu. Na ikifa, sisi hatuna pa kujificha. Samaki wenye meno watatumaliza."

Akakimbia upande upande mpaka kwa Mzee Chewa, samaki mkubwa mwenye busara, kadhi wa mwamba. Chewa akaja, akaona, akasikitika. Ikapigwa mbiu, buuu! "Sheria ni hii! Aliyepakwa mafuta ya jua asiguse maji! Atakayevunja, asikanyage pwani hii tena, yeye na kizazi chake! Mlinzi wa ufukwe ni Kaa!"

Bi Kiboko alicheka mpaka kibanda kikatikisika. "Hicho ndicho kitakachonizuia mimi? Nikipiga chafya si kitapeperuka?"

Na kweli, Kaa angemzuia kwa nguvu gani? Sheria ilikuwepo, wa kuogopwa hakuwepo. Unaogopa nini, wewe? Tulia usikilize.

Kaa akajisemea, "Wale wawili wana ugonjwa. Nami nitawatibu kwa ugonjwa wao." Akaenda kwa Bi Kiboko.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Umekuja kunikamata?"

"Nikukamate mimi? Nimekuletea siri. Huku kwetu pwani, watu wazito hawajipaki ovyo ovyo. Wanapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa."

Mnacheka, eeh? Mtoto wa pwani anajua tangu hajaota meno kwamba kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa ni kudanganywa kwa maneno matamu. Lakini Bi Kiboko alikulia mtoni. Nani angemwambia?

"Kwa mgongo wa chupa?" akauliza, macho yamemtoka.

"Naam. Hayaonekani, hayanuki, hayaelei. Sheria itakushikia wapi? Lakini tafadhali, Bi Kifaru asijue. Akijua atataka, na ngozi ile… mh!"

"Asijue kabisa! Akiuliza, mwambie yamekwisha. Nipake!"

Akalala kifudifudi, pu! Kaa akachukua chupa mpya, kizibo hakukigusa, akaigeuza, akaanza kumsugua kwa kitako cha chupa. Su, su, su.

"Ahaa! Nasikia ubaridi!"

"Ndiyo yanaingia hayo, Bi Mkubwa."

Bi Kiboko akaenda zake kuoga, anatembea kwa maringo. Nyuma ya ua, Bi Kifaru alikuwa amesikia kila neno. Kijiba cha roho kikamkaba. Akatoka, akamziba Kaa njia.

"Wee! Kwa nini yeye? Mimi sina mgongo?"

"Unao, Bi Kifaru. Tena mpana."

"Basi nipake na mimi. Mara mbili yake!"

"Mara mbili? Bi Kiboko atalia akikuona."

"Alie! Ndicho nikitakacho!"

Su, su, su, su. Kaa alisugua mpaka gando likamuuma.

Ikawa hivyo kila kukicha, na kila mmoja akitega sikio nyuma ya ua mwenzake anapopakwa. Maji yakatakata. Ukuta wa chumba cha watoto ukaanza kurudi waridi, kidogo kidogo. Lakini jua la pwani mnalijua. Migongo ya mabibi wale iliungua, ikababuka, ikawasha. Na hakuna aliyesema! Kila mmoja aliamini mwenzake anapakwa zaidi, na yeye anapunjwa.

Hata siku moja, ufukwe umejaa wanyama, Bi Kiboko akashindwa kuvumilia.

"Mchoyo we! Unanimalizia mafuta yangu!"

"Mimi? Wewe ndiye unayejaziwa! Lete chupa tuone!"

Wakaivuta, huku, kule, huku, kule. Ikaponyoka, ikabiringika mchangani mbele ya kila mtu. Imejaa mpaka shingoni. Kizibo hakijaguswa.

"Haa!" Bi Kiboko akapiga kelele. "Kaa! Umetupaka mafuta kwa mgongo wa chupa!"

"Nami si nilikuambia mwenyewe?" akajibu Kaa.

Ufukwe mzima, kwa-kwa-kwa-kwa! Kima alianguka kutoka juu ya mnazi.

Mzee Chewa akatoa kichwa majini. "Nyamazeni! Kesi hii nyepesi. Kama hamkupakwa, hamna kosa, ogeni mpendavyo. Kama mlipakwa, mmevunja sheria. Haya, semeni. Mlipakwa, hamkupakwa?"

Neno moja tu, wanangu. "Hatukupakwa." Wangelisema, bahari ingekuwa yao mpaka leo. Lakini Bi Kiboko akamtazama Bi Kifaru, akawaza: huyu abaki anaoga hapa? Na Bi Kifaru akawaza hivyo hivyo.

"Yeye alipakwa!" akanguruma Bi Kiboko. "Mara mbili! Nimesikia kwa masikio yangu!"

"Yeye ndiye wa kwanza!" akafoka Bi Kifaru. "Kila siku! Mimi ni shahidi!"

"Mashahidi wamekamilika," akasema Chewa. "Mlinzi?"

Kaa akapanda juu ya chupa, akainua gando. Nanyi mnajua, kaa akiinua gando, shauri limekatwa.

Wakaondoka wakisukumana njia nzima. Bi Kiboko akarudi mtoni, na mpaka leo mchana kutwa amejizamisha, katoa pua na macho tu, analikimbia jua. Bi Kifaru akarudi nyikani, anajipaka matope. Na kila anayetoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine huulizwa lile lile, "Hebu niambie, mwenzangu anang'aa?"

Watoto wa Kaa wamelala chumbani mwao, ukuta ni wa waridi, nami ulimi umechoka.

Anayemchunga mwenzake asipate, hukosa hata kile alichokuwa nacho.