Mgongo wa Shujaa wa Nuru

Hapo zamani, wala si zamani ya wafalme na mazimwi, zamani ya juzi tu, simu zikipata moto mkononi na bando likimwishia mtu katikati ya vita, palikuwa na mama mmoja kijana pale Mbeya, jina lake Sekela. Alimaliza kidato cha nne, akampata Ipyana, akampata mtoto Lusajo, kisha Ipyana akaenda Chunya kutafuta dhahabu na simu yake ikawa haipatikani, haipatikani, haipatikani, mpaka watu wakaacha kumuulizia. Sekela akabaki na mtoto, na woga. Aliogopa mtoto akikohoa, aliogopa mtoto akinyamaza, aliogopa mlango ukigongwa. Na kuliko vyote alimwogopa mama mkwe wake wa Kyela, kwa sababu mama mkwe alikuja siku moja, akala, akashiba, akafuta mikono, akasema:

"Sekela mwanangu, mimi sikuchukii. Lakini mjukuu wangu halelewi kwa kubahatisha. Akiacha ziwa nawe hujapata pa kusimama, nakuja kumchukua."

Na Lusajo alikuwa ameanza kukataa ziwa.

Sekela aliishi kwa wifi yake, Kissa, dada yake Ipyana, fundi cherehani aliyeshona kwenye mashine ya mtu mwingine, mwanamke wa maneno makali na mkono usiofumba. Kissa alikuwa na ugonjwa mmoja tu, gemu. Gemu yenyewe iliitwa Ngome za Ukungu, imetengenezwa palepale Mbeya, na watu wa Mwanza, wa Mombasa, wa Bujumbura wanaingia humo kwa simu zao wanapigana hadi wanasahau kula. Kissa alicheza Jambazi wa Kivuli, na hakuna aliyetamani kukutana naye. Kissa akiwa kwenye cherehani Sekela huiazima simu, na yeye hucheza Shujaa wa Nuru.

Sasa huyo Shujaa wa Nuru alikuwa mpiganaji mtakatifu, kanzu nyeupe, deraya ya shaba, rungu la dhahabu. Sura nzuri, kazi bure! Uwezo wake ulikuwa mmoja, Sala ya Ngao. Akipiga magoti nuru inamzunguka, mkuki hauingii, moto hauingii, hata jitu limkalie kichwani. Yeye. Yeye peke yake. Wenzake wanakufa kulia, wenzake wanakufa kushoto, yeye kapiga magoti anang'aa. Vita vikiisha anasimama, mzima, msafi, katikati ya maiti. Wachezaji walimwita Mchungaji kwa dhihaka, na ukiingia naye kwenye kundi unasikia tu, "Mchungaji, toka, kasali kwenu!"

Lakini Sekela alimpenda, kwa sababu Lusajo akilia yeye anabonyeza Sala ya Ngao, anaweka simu chini, anabadilisha nepi, anarudi, bado yu hai. Ni mpiganaji gani mwingine angemvumilia hivyo?

Basi mchana mmoja kundi lake lilikuwa ndani ya ngome, maadui wamewazunguka, na mganga wao amevunjika mguu. Mganga alikuwa msichana fulani wa mbali, Sekela hakumjua hata jina, anaita kwenye maiki, "Shujaa, usiniache! Shujaa, wanakuja!" Na hapohapo Lusajo akapaliwa na uji. Sekela akabonyeza, akaitupa simu kitandani, akamwinua mtoto, akampigapiga mgongo, mtoto akatapika, akavuta pumzi, akalia, na kilio hicho Sekela alikisikia kama wimbo. Akamfunga mgongoni kwa mbeleko, akaikaza, asimwachie tena. Aliporudi kwenye simu mganga amekufa, Shujaa anang'aa, na kundi zima linamtukana.

"Mbinafsi wewe! Mwenzio anakufa, unasali!"

Maneno yakamtoka Sekela yote kwa mpigo: "Sasa mimi ningefanyaje, jibaba lote hili limepewa magoti halikupewa mgongo? Mgongo wote ule! Si angembeba? Ukiwa na wa kwako asiyeweza kutembea unamfunga mgongoni unaendelea na kazi, mimi hapa nimefunga, nafua, napika, nagombana na ninyi!"

Sauti moja ya kiume ikasema taratibu, "Dada, hebu rudia ulichosema."

Aliyesema hivyo aliitwa Gwamaka, naye alikuwa kibarua kwenye ofisi iliyotengeneza gemu ile. Mwenye ofisi, dada mmoja aitwaye Subilaga, alikuwa ametangaza kwa wote: toleo jipya linatoka, na Shujaa wa Nuru akibaki alivyo, anaondolewa. Tena akasema, "Ofisini kwangu kuna kiti kimoja kitupu, ajira ya kudumu. Atakayemponya Shujaa, awe yeyote, kiti ni chake."

Gwamaka alijifunza kuandika programu kwenye kompyuta za kuazima, na kiti hicho amekitamani tangu akiwa anafagia chini yake. Mjomba wake alishamwita arudi Uporoto kwenye viazi. Alikuwa amejaribu kumpa Shujaa mabawa, Subilaga akakataa. Amempa rungu kubwa zaidi, akakataa. Amempa moto mdomoni, Subilaga akamuuliza, "Huyu ni mtakatifu au jiko la mkaa?" Sasa amesikia neno la mgongo. Angeweza kulichukua akanyamaza, nani angejua? Hakunyamaza. Akauliza, "Dada, uko wapi?"

"Mbeya."

"Mbeya ipi?"

"Mwanjelwa."

"Mimi niko Kabwe, hapo jirani! Njoo, njoo na mtoto, njoo na hiyo mbeleko!"

Sekela akaogopa kwenda, akaogopa kutokwenda, akaenda. Akasimama mbele ya watu wenye kompyuta akafungua mbeleko, akafunga tena, huku Gwamaka anauliza kama mtoto: ncha hii inapita wapi, uzito unakaa wapi, mikono inabaki vipi. Halafu Gwamaka akajifungia na kazi yake, akaandika, akafuta, akaandika. Shujaa akawa anaanguka kifudifudi kila akimbeba mtu, akamnyoosha. Mbebwaji akawa anaelea hewani kama puto, akamshusha. Mpaka siku moja akawaita Sekela na Subilaga, na kweli, kwenye kioo Shujaa aliinama, akatandaza kitambaa cha nuru, akamfunga mganga mgongoni, akasimama, rungu mkononi, ngao ya mwanga kifuani. Sekela akalia.

"Mbeleko ya Nuru," akasema Subilaga. "Nzuri. Nani atampiga tuone?"

"Nipeni mimi," ikasema sauti mlangoni. Alikuwa Kissa, tepu ya kupimia bado shingoni. "Nimefuata simu yangu. Wifi yangu siku hizi ana ofisi, mimi sina simu."

Kissa akakaa, akamwita Jambazi wake wa Kivuli. Hakuhangaika na ile ngao. Akazunguka, akapita nyuma, akachoma mara moja. Mganga akafa palepale mgongoni, na Shujaa akaendelea kutembea, anang'aa kifuani, hana habari kwamba amebeba maiti.

 Mkono wa Sekela ukaenda nyuma wenyewe, ukamtafuta Lusajo, ukamkuta ana joto.

"Naweka ngao na nyuma," akasema Gwamaka haraka.

"Ngao mbele, ngao nyuma, tumerudi kwa Mchungaji," akasema Subilaga. "Asiyeweza kuumia hana kazi kwenye gemu yangu. Toleo linatoka keshokutwa, Gwamaka. Mimi namwondoa."

Kissa alikwisha kupata simu yake na ushindi wake. Angeweza kuondoka anacheka. Akafika mlangoni, akageuka.

"Wifi, siku ile ya mbwa, pale kwenye mashine ya kusaga. Ulifanyaje?"

"Sikufanya kitu. Niliogopa."

"Kuogopa tuliogopa wote. Mimi nilikimbia nikaparamia ukuta, ndala nikaacha chini. Wewe hukukimbia. Mbwa kaenda kulia, umegeukia kulia. Mbwa kaenda kushoto, umegeukia kushoto. Kifua kwa mbwa, mtoto nyuma, unarudi kinyumenyume mpaka mlango wa mashine."

"Mimi? Mbona sikumbuki?"

"Utakumbukaje, na ulivyokuwa unalia kama mbuzi wa kuchinjwa! Lakini mimi nilikuwa juu ya ukuta, nilikuona vizuri. Mwenye kubeba hakimbii. Akikimbia amempa mbwa mtoto."

"Hadi keshokutwa," akasema Subilaga. Gwamaka alikuwa ameshageukia kompyuta.

Hakulala vizuri Gwamaka, hakula vizuri, lakini keshokutwa mchana ilipofika kazi ilikuwa tayari, na watu wa mbali na wa karibu wakaingia kutazama jaribio. Shujaa mpya akipokea mtu mgongoni, hana ngao yoyote. Hawezi kukimbia. Hatari ikitokea upande wowote yeye anageuka, kila pigo analipokea kifuani, na linamuuma, linampunguza, mpaka amfikishe mwenzake na kumshusha. Sekela ndiye aliyemshika Shujaa, na Kissa, kwa kuwa Kissa ni Kissa, akaongoza maadui.

"Usinihurumie, wifi," akasema Sekela.

"Nani akuhurumie? Jishike!"

Kissa akaja kulia, Shujaa akageukia kulia. Kissa akaja kushoto, Shujaa akageukia kushoto. Akapigwa mkuki, akapigwa moto, akapiga rungu, akarudi kinyumenyume, hatua, hatua, damu imebaki kidogo, kidogo sana, tone, mpaka kisigino kikagusa lango. Akamshusha mganga. Na mganga, mzima, jambo la kwanza aliloinua mkono kulifanya lilikuwa kumponya yeye.

Huko kwenye gemu watu walilipuka. "Mchungaji kabeba! Mchungaji kabeba!" Kufika jioni kila mtu anamtaka Shujaa wa Nuru, makundi yanagombea kuwa naye, na waliokuwa wakimfukuza ndio wanaomwomba awabebe.

Basi kesho yake asubuhi Subilaga akawaita wale watatu, akasimama nyuma ya kile kiti kitupu, mikono kwenye egemeo.

"Shujaa amepona. Kiti ni kimoja. Semeni."

Gwamaka akasema: "Bosi, bila mimi lile lingekuwa neno la hasira kwenye maiki, limepita kama matusi mengine. Nililisikia mimi. Nilimtafuta mimi, na ningeweza kuliiba. Kila anapoinama, kila anapofunga, kila anapogeuka, ni mikono hii. Nikikosa kiti hiki narudi kwenye viazi, na nilichojifunza kinafia huko."

Kissa akasema: "Bila mimi mngetoa Shujaa anayetembea na maiti mgongoni, nchi nzima iwacheke. Kosa nililiona mimi. Dawa niliileta mimi, na ningeweza kwenda zangu. Na simu iliyoanzisha yote haya ni ya nani? Nimeshona kwenye mashine ya watu mpaka macho yanaona nyuzi hata nikiyafumba. Nikipata kiti, Lusajo na mama yake wanakula kwangu, kama wanavyokula leo."

Ikawa zamu ya Sekela. Aliogopa. Aliwaza kwamba Kissa kasema kweli, na Gwamaka kasema kweli, na yeye ana nini, ana kilio tu. Lakini asubuhi ile mama mkwe alikuwa amepiga simu, yuko stendi ya Kyela anasubiri gari, na hilo nalo ni kweli. Akafungua mdomo, na maneno yakaja kama yanavyomjia siku zote, yanakanyagana:

"Mimi sikujua kama nimewaza kitu, dada, nilikuwa nalia, na kwa mbwa sikujua kama nimefanya kitu, nilikuwa nalia vilevile. Lakini bila mimi kubeba, huyu angesikia nini na huyu angeona nini? Kinachopigana humo ndani ni mgongo wangu. Na wifi atanilisha, najua, hajawahi kuninyima, ila mkwe wangu hajauliza kama nalishwa, ameuliza kama nimesimama. Nikipata kiti hiki atanikuta nimesimama."

Subilaga akawatazama mmoja mmoja. "Mmesema kweli wote, na hiyo ndiyo shida yangu. Haya. Kila mmoja aniambie, asipokaa yeye, akae nani?"

Kissa akasema, "Wifi."

Sekela akasema, "Gwamaka."

Gwamaka akasema, "Dada Kissa."

Kwanza akacheka Kissa, halafu Gwamaka, halafu Sekela naye akajikuta anacheka, mara ya kwanza tangu Chunya ilipommeza Ipyana, na Lusajo aliposikia mama yake anatoa sauti asiyoizoea akaanza kupiga makofi.

"Hamjanisaidia hata kidogo," akasema Subilaga, lakini na yeye alikuwa anatabasamu.

Na mimi nimefika hapo, jamani, na Subilaga bado yuko nyuma ya kiti, hajakivuta, na gari la Kyela limeshaanza kupanda milima. Kuna aliyebeba bila kujua anafundisha, kuna aliyesikia akatengeneza, kuna aliyeshambulia akaona. Haya, ninyi mlionisikiliza, kiti kile mngemkalisha nani?